Fungu la Ndugu Yangu

Sisi watu wa Tulia tunayajua maji ya mtungi. Tunayajua maji ya kuchimba kwenye mchanga wa mto, maji ya kununua kwa mwenye punda, na maji ya mvua ambayo ikichelewa tunaanza kugombana hata na kuku. Maji ya kumeza mtu hatuyajui. Kwa hivyo kitinda mimba wetu alipopiga simu akasema ameacha kazi ya chumvi huko Pwani na sasa anavua samaki, nilicheka mpaka wateja wangu wakaacha kunywa chai.

"Wewe? Hata beseni la kuogea ulikuwa unalikimbia!"

"Dada, nimejifunza."

"Kuogelea?"

"Kuvua."

Mimi nina hoteli ndogo ya chai na chapati pale sokoni, na nina mdomo usio na breki, mtu yeyote wa Tulia atakwambia. Mama yangu, ambaye namwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyoita mama zao, tunakaa naye nyuma ya hoteli. Macho yake yana mtoto wa jicho. Anaona umbo la mtu, uso hauoni. Yeye siku hiyo hakucheka. Aliuliza tu kama hicho chombo kina kitu cha mtu kujishikilia.

Basi nikaanza kuijua bahari kwa simu. Ndugu yangu alikuwa akitoka majini ananipigia, na mimi huku nakanda unga, simu nimeibana kwa bega. Mwezi wa nane ulikuwa mgumu kwao. Upepo wa kusi ulikuwa haujaisha nguvu, siku nyingine wanalala ufuoni tu wakishona nyavu. Akaniambia bahari imechafuka. Nikamwambia si muisafishe, nyinyi wanaume kazi yenu ni kulalamika. Alicheka huyo! Kumbe kwa watu wa Pwani bahari kuchafuka ni mawimbi, si uchafu. Ndipo akanifundisha na mengine. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, mkondo unalegea, mshipi unateremka wima mpaka chini, na watu wa ndoano wanashukuru. Hayo wanayaita maji mafu. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa mpaka kwenye minazi, kisha yanakauka mpaka miamba inabaki wazi.

Nikaanza kuangalia mwezi nikifunga hoteli. Mimi, mtu ambaye sijawahi kuona bahari hata siku moja, nasimama uani Tulia nasema leo ni bamvua. Majirani walinicheka. Mwaitu hayo maneno hakuyapenda kabisa. "Maji yaliyokufa," alikuwa akisema, "yanataka nini na mtoto wangu?"

Mwezi wa tisa sauti ya ndugu yangu ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeshiba. Upepo ulikuwa umelegea, maji yameanza kung'aa, samaki wakubwa wanasogea karibu. "Dada, bahari inafunguka," akasema. "Nguru wameanza kuonekana." Nikamwambia nguru ndiyo nini, akasema ni samaki mrefu, mtamu, asiye na miiba ya kusumbua, siku moja nitamla. Nikamwambia mimi nakula kitu chenye miguu.

Halafu simu ikanyamaza. Siku ya kwanza nikasema ni chaji. Siku ya pili yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani, nikamtukana. Mwaitu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, haulizi kitu, anageuza tu kichwa kila simu ya mteja ikilia. Nilikuwa na nambari ya nahodha, mwenye ile boti, mzee wa Pwani ambaye ndugu yangu alikuwa amenisalimianisha naye mara moja. Nikampigia mbele ya wateja wote.

"Mzee, habari ya huko? Wako salama?"

"Salama, dada. Salama tu, alhamdulillahi."

Nikakata simu pale pale. Sikungoja neno la pili. Nikapiga kelele, "Wako salama! Wako salama!" na watu wakapiga makofi. Nikasema chai ya leo ni ya bure, na mimi si mtu wa kutoa chai ya bure. Mwaitu akainuka na fimbo yake akaenda nyuma kushika jogoo, mwenyewe, kwa kupapasa, akimshukuru Mungu kwa sauti. Sijawahi kumwona akitembea haraka vile.

Jogoo alikuwa ameshanyonyolewa simu ilipolia.

"Dada, ilikatika," nahodha akasema. "Nilikuwa nakwambia, sote tumerudi salama. Ila ndugu yetu."

Kumbe ndivyo walivyolelewa huko. Ukimwuliza mtu habari, hata kama nyumba inaungua nyuma yake, ataanza na njema, atamshukuru Mungu, ndipo aseme ila. Kwetu mwenye msiba anaanza na msiba, hata salamu haitoi. Ningejuaje? Nilimfokea yule mzee wa watu. Nikamwuliza salama ni ya nini basi, salama gani hiyo! Akaniacha nifoke mpaka nikaishiwa na pumzi, kisha akanieleza polepole.

Walikuwa wanarudi na samaki wengi. Mwamba una mwanya ambao boti zinapita, wenyewe wanauita mlango, na hapo hata bahari ikitulia, mawimbi yaliyobaki ya kusi bado yanavunjikia hapo. Wimbi likawajia kwa nyuma. Boti ikajaa, ikapinduka. Wenzake wakaishikilia. Yeye hawakumwona tena.

"Amekufa?" nikauliza.

"Bado, dada."

"Bado nini?"

"Bado hajaonekana."

Ngai wakwa! Mungu wangu, hilo neno bado. Nililibeba kifuani nikaenda nyuma kumwambia mama yangu, aliyekuwa ameshika sufuria.

Watu wakaja. Kwetu msiba una kazi zake. Kuna wa kwenda mochari, kuna wa kuchimba kaburi, kuna wa kupika, na kazi hizo ndizo zinazomshika mtu asianguke. Sisi hatukuwa na kazi. Watu walikaa kwenye viti vya kukodi wakaangaliana. Mchungaji aliomba, lakini hakujua aombee mgonjwa au marehemu, nikamsikia akizunguka. Mwishowe baba mdogo akakohoa, akasema kuna watu wa pande nyingine, mtu wao akipotea majini, wanachukua shina la mgomba wanalizika mahali pake, mambo yanaisha.

Mwaitu akainua uso. "Mgomba sikuuzaa mimi," akasema. "Mtoto wangu nataka aletwe. Alale karibu na baba yake."

Akanigeukia. "Wewe si una mdomo? Nenda uwaambie wakupe."

Nikaenda, na suti ya ndugu yangu ndani ya mfuko, na soksi mpya. Njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia nahodha. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Asubuhi wakanipeleka ufuoni, na nilipoyaona yale maji nikasahau yote. Nilikuwa nafikiri bahari ni kama mto uliofurika, ambao ukikaza macho unaona ng'ambo. Ng'ambo haikuwepo. Mtu unaanzia wapi kumtafuta mtu hapo? Unamgombeza nani?

Mke wa nahodha alinipokea kama dada yake wa tumbo moja. Akanifunga leso, akanilisha, jioni akanikalia karibu nikilia. Maji yakitoka tulitembea na wanawake wengine ufuo mzima, tunaangalia kwenye mawe, kwenye mikoko, kila gogo likinishtua. Nahodha alisema tungoje bamvua. Alisema bamvua hurudisha. Nikaungoja ule mwezi wangu wa Tulia ukue, na ukakua, mzuri, mviringo, na maji yakaja mpaka kwenye minazi kama nilivyoambiwa, yakarudi. Yalirudisha kandambili za watu, chupa, na mwani. Yeye hapana.

Na wakati huo bahari ilikuwa imefunguka kweli. Hicho ndicho kilichoniuma kupita yote. Maji yalikuwa yametulia, yana rangi ya kupendeza, unaona mpaka mchanga wa chini, na boti zilirudi zimejaa. Jodari, kolekole, nguru. Wachuuzi wanapiga kelele, watoto wanacheka. Nilitamani wanyamaze wote. Nilitamani bahari ichafuke mpaka mtu asivue tena maisha yake yote. Lakini watu wanakula, watafanyaje? Nao wale wenzake, baada ya kukaa matanga yao na kumwombea dua, ikabidi warudi majini, maana wana watoto.

Siku niliposema narudi, hakuna aliyenizuia. Nahodha alikuja na wenzake wa boti, wamebeba nguru wawili, warefu, weupe kwa tumbo, macho yanang'aa.

"Hili ni fungu lake," akasema.

Nikamwambia simwelewi. Akanieleza kwamba kila wakitoka wanagawa mafungu, la mwenye boti, la injini, la kila mtu aliyekwenda, na wao hawajaacha kulitoa la ndugu yangu. Hilo ni la jana. Haliwezi kuliwa na mtu mwingine.

Nilitaka kusema sikuja kuchukua samaki. Nikaangalia mikono yao, nikasema asante. Waliwalaza wale nguru mkia kwa mkia ili wasipondeke, wakawamwagia barafu, wakawazungushia magunia, kisha turubai, wakafunga kamba kichwani, katikati na chini. Walikuwa wanafunga kwa upole mno.

Nilifika Tulia alasiri. Habari kwamba narudi ilikuwa imefika kabla yangu, na steji ilikuwa imejaa watu. Makanga akapanda juu ya gari. Aliposukuma ule mzigo ukatokeza ukingoni, mrefu, wa turubai, umefungwa pale kwenye kichwa na pale kwenye miguu, kelele zote zikakatika. Fundi wa baiskeli akavua kofia. Wanaume wakaja mbio kuupokea, bila kuambiwa, huyu huku na yule kule, wakaushusha kwa mabega taratibu. Maji ya barafu yalikuwa yanatona, na harufu ya bahari ilitoka nayo. Niliona watu wakiziba pua kwa heshima. Aiii, hapo ndipo nilielewa. Nikafungua mdomo, huu mdomo wangu, na hakikutoka kitu.

Mwaitu akaja. Watu walimpisha. Alikuja na fimbo yake, amevaa nguo ya kanisani, akapapasa hewani mpaka mkono ukagusa turubai, akauweka hapo.

"Umemleta," akasema. "Asante, mwanangu. Umemleta."

"Mwaitu," nikasema.

Hakunisikia. Alikuwa ameinama, anaupapasa ule mzigo kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, anapita kwenye kila kamba, anarudi tena alikotoka, kama anayetafuta mahali. Kisha akaniinulia yale macho yake.

"Kichwa kiko upande gani?"