Watoto Watano na Lori la Tangu Jumatatu

Mama alinikabidhi watoto watano niwapeleke kwenye kituo cha basi la shule: mdogo wangu wa darasa la kwanza na wanne wa majirani. Sababu aliyotoa ni kwamba mimi ni mkubwa. Niko kidato cha tatu, na kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kunishuku kwa hilo.

Kituo chenyewe ni ukingo tu wa barabara, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kuingia Uganda. Nilitafuta kamba ya turubai, nikaipiga mafundo matano, kila mtoto na lake. Sheria moja: huachi fundo mpaka basi lisimame. Walitii mpaka wakanichosha, nikabuni mchezo. Nilikuwa napiga kelele ghafla, "Acheni kamba, gari!" Anayeacha anabeba begi langu. Baada ya wiki moja hakuna aliyeacha tena, na begi nikawa nalibeba mwenyewe.

Alhamisi nilitaka kula chapati kwa mikono miwili. Kando yetu kulikuwa na lori lililosimama tangu Jumatatu, soksi za dereva zimeanikwa kwenye kioo cha pembeni. Huku kwetu lori la hivyo tunalihesabu kama nyumba. Nikafunga ncha ya kamba kwenye ndoano ya ubavuni, nikasogea nile.

Foleni ikatembea.

Lori likaondoka polepole, na watoto wakaondoka nalo kwa mstari, mdogo wangu mbele, karibu kabisa na magurudumu ya nyuma.

"Acheni kamba, gari!"

Mdogo wangu akacheka. "Leo hutupati!"

"Si mchezo! Haki ya Mungu!"

"Hata jana uliapa," akasema wa mwisho.

Nikakimbia hadi mlango wa dereva, nikaupiga kwa ngumi. Lori likasimama. Dereva, Mganda wa makamo, akashuka, akawakuta watano wametulia, kila mmoja na fundo lake.

"Nyinyi watoto nakwenda wapi?"

"Shule, anko."

"Hii gari nakwenda Tororo."

Akaifungua kamba mwenyewe. Kabla ya kupanda tena, akainama akaangalia chini ya lori.

Jioni mdogo wangu alimsimulia Mama kwa fahari. "Alituambia tuache, na hakuna aliyeacha!"

Mama alikuwa anakata mboga; akaweka kisu chini. Hakunichapa. Aliuliza tu gurudumu lilikuwa umbali gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Niliongeza kidogo, na bado haikutosha.

Siku hizi anakuja nasi na kamba anashika yeye. Juzi pikipiki ilitujia upande usio wake, nikasema, "Rudini nyuma."

Watoto wote watano walimtazama Mama kwanza. Akaitikia kwa kichwa. Ndipo wakarudi.