Yungiyungi Mbele ya Wakwe

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni sasa hivi mmalize, maana Kasansa nzima imeshanicheka na mimi nimechoka, kila nikienda kisimani naulizwa leo umepika maua gani.

Ni hivi. Wakwe watarajiwa wa mdogo wangu Yusta, Wasukuma wenye ng'ombe wengi kule ng'ambo ya mbuga, walikuwa wanakuja kuongea habari ya mahari, na mama akanikabidhi jiko akasema, "Pika wali na kuku, usiniletee mambo yako." Sasa mimi kwenye simu (hiyo simu ningeshaitupa mtoni, ila ni ya mume wangu) nilikuwa nimeona watu wa Asia wanavyokula yungiyungi, yale maua ya majini, mizizi wanakaanga, mbegu wanatafuna, maua wanapambia chakula, nikajiuliza, bwawa letu si limejaa ndugu zake hao, meupe na ya samawati, kwa nini wageni wale kuku kama kwa kila mtu?

Nikaingia kwenye tope mpaka kiunoni (mamba wala sikuwafikiria, akili ya wapi), nikachimba viazi vyake nikavichemsha, nikachuma na maua ya samawati nikayachemsha, maji yake nikapikia wali ili uwe wa rangi ya anga. Ukatoka rangi ya majivu, kama wa mpunga ulioozea ghalani, na wageni walishakaa, ningepika mwingine saa ngapi?

Nikatenga. Baba, ambaye ghala lake limejaa mpunga, akaangalia sinia, akaniangalia mimi, akafumba macho. Mzee wao, baba mkubwa wa mchumba, akachukua kiazi kimoja akakitafuna polepole, uso ukamjaa huruma.

"Hivi nilikula nikiwa mtoto," akasema, "mwaka ule ukame ulipotumalizia ng'ombe. Kumbe ndugu zetu mna njaa na mmekaa kimya."

"Hapana mzee, ni huyu binti tu," baba akajitetea, lakini mzee akamshika mkono.

"Usione aibu, ndugu yangu."

Basi, mahari haikutajwa tena. Waliaga kwa sauti ya chini kama wanatoka msibani, Yusta yuko nyuma ya mlango analia.

Wiki iliyofuata, mchana kweupe, tukasikia kengele za ng'ombe njiani, Yusta akatoka mbio, majirani nao wakatoka. Ulikuwa mkokoteni umejaa magunia ya mahindi, yakashushwa pale pale baba alipoanika mpunga wake kwenye turubai. Ng'ombe pekee waliokuja ni wale wawili waliokokota, nao wakarudi na mkokoteni wao.

"Mzee anasema kuleni kwanza mshibe," akasema mwenye mkokoteni, tena kwa sauti, "habari ya mahari ataileta mkishapata nguvu."

Mimi na yungiyungi basi tena, likae huko majini lipendeze. Mahindi baba kakataa kuyarudisha, eti litakuwa tusi la pili baada ya ule wali wangu, kwa hiyo ndiyo tunakula, na kila jioni nasonga huo ugali mimi mwenyewe, Yusta kakaa mlangoni ananiangalia.