Shangazi Dominika na Kata ya Mbege

Shangazi yangu Dominika hatulii. Akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, mkono mmoja unakoroga, mwingine unafukuza kuku, na mdomo unagombana na mtu aliyepita barabara ya kwenda Mkuu bila kumsalimia. Ukimwambia uwanja wake haujafagiliwa, atakuuliza wa kwako ulifagiliwa lini. Shutuma hajibu, huirudisha ilikotoka, kisha anamalizia kwamba nyani haoni kundule. Watu hucheka. Mimi ilishanichosha.

Julai hii Stella alikuja kuonja. Alikuwa anamwoza binti yake, na kama angeridhika, mbege yote ya harusi ingepikwa kwa shangazi. Shangazi aliitaka kazi ile mpaka ikawa inamuumiza, maana wateja wake walikuwa wanamhama mmoja mmoja. Asubuhi nzima alikuwa anakaa, anainuka, anachungulia njia. Stella akafika na Sirili, jirani yetu muuza maziwa, mzee ambaye pombe anaijua.

Shangazi akanywa kwanza, kama ilivyo desturi, halafu akampa mzee kata ya kunywea. Sirili akapiga funda moja.

"Mama Primus," akamwambia shangazi, "hapa umetia maji."

Shangazi alikuwa ameshasimama.

"Mimi? Na maziwa yako je, meku, mzee mzima wewe? Kijiji kizima tunakunywa maji tukiyaita maziwa!"

Sirili akainamisha kichwa. "Ni kweli. Ng'ombe alipunguza maziwa, nikaongeza maji. Mnisamehe. Haya, na mbege?"

"Mmemsikia? Amekiri mwenyewe! Nyani haoni kundule!" Shangazi alicheka mpaka akajishika kiuno.

Stella alishukuru, akaaga. Nilimkimbilia, nikamkuta kwenye migomba, nikamweleza kwamba mbege ile niliichuja mimi na haikuongezwa maji hata tone. Ni baridi tu iliyoizuia kuchachuka vizuri.

"Nakuamini, mwanangu," akasema. "Lakini nilikaa pale namsubiri mwenyewe aseme hajatia. Katika maneno yote yale, hilo halikutoka. Nitawaambia nini wageni wangu wakiuliza? Kazi nitampa mwingine."

Nilirudi nyumbani. Shangazi alikuwa anasuuza kata, uso unang'aa.

"Umeona nilivyomkomesha yule mzee?" akaniuliza. "Haya, Stella amesema anataka mapipa mangapi?"