Dada Hapendi Matunda

Nyumbani kwetu kila mtu alijua kwamba mimi sipendi matunda. Walijua pia kwamba avokado hunitia kichefuchefu, kwamba utando wa maziwa hunikwama kooni, na kwamba kwenye kuku hakuna ninachokipenda kuliko shingo. Wadogo zangu wawili walikua wakiyajua haya kama walivyojua kwamba maji ya mto ni baridi. Mgeni akileta embe, yule wa mwisho alimweleza kabla sijafungua mdomo: "Dada hali hizo. Tupatie sisi."

Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Nilianza kusema hivyo mwaka tuliomzika mama, baba akiwa ametangulia. Nilikuwa kidato cha pili. Watu wa ukoo waliketi uani hapa Wamagana wakazungumza jinsi ya kutugawa: kaka yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, aende Naro Moru kwa mjomba, mtoto wa mwisho achukuliwe na Tata, dada yake baba, ambaye tayari nyumba yake ilikuwa imejaa watoto. Nikasema hatugawanywi. Nilikuwa nimevaa sweta ya shule na sauti ilitoka nyembamba, lakini nilisema tena, wakaliacha jambo hilo. Sikurudi shuleni. Nilichuma chai ya watu, nikapalilia viazi vya watu, nikamkamua ng'ombe wetu.

Njaa hatukulala nayo, nisidanganye. Udongo wetu hauna uchoyo, na Tata alituletea maharagwe kila alipovuna. Ila kitu kitamu kilikuja kimoja kimoja. Tunda damu moja, lile jekundu lenye umbo la yai, ukilikatia watu watatu, kila mtu anaonja maji tu. Ukilikatia wawili, kila mmoja ana nusu nzima, anaichota kwa kijiko chake taratibu mpaka ganda linabaki jembamba kama karatasi. Na niligundua kwamba ukisema umeshiba, watoto watakubembeleza. Ukisema hupendi, wanakula kwa amani.

Mambo yalipokuja kuwa mazuri, ng'ombe wakawa watatu na kaka akapata kazi kwenye shamba la maua karibu na Timau, nilisahau kuacha. Kaka akichinja kuku alinikatia shingo kwa heshima, akaniwekea juu ya wali kama zawadi. Ningemwambia nini?

Mwaka huu, katikati ya kiangazi cha Januari, mlima ukionekana wazi kila asubuhi na vumbi likiingia hadi kwenye sukari, mdogo wetu wa mwisho alimaliza masomo yake ya upishi mjini Nyeri. Akapata kazi kwenye jiko la hoteli moja Nanyuki, aanze Jumatatu. Siku chache kabla ya kuondoka alinifuata zizini nikikamua, akachuchumaa kando yangu.

"Dada, Jumapili nataka nikupikie."

"Si unanipikia kila siku?"

"Hapana. Nataka nikuone ukila."

"Kwani mimi huishi kwa hewa?"

"Wewe hula umesimama hapo mlangoni na sufuria mkononi, kama askari wa zamu. Mimi sijawahi kuona sahani yako. Nimekaa na wewe maisha yangu yote na sijui ukila unafanana vipi. Sitaki kwenda bila kuona."

Niliendelea kukamua. Nikasema sawa, kichwa nimekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe ili asione uso wangu.

Chakula alichokijua vizuri kuliko vyote kilikuwa saladi ya kiangazi, ile ambayo walimu wake waliisifu. Ni majani mabichi ya letasi, stroberi, matunda damu, avokado, na juu yake sosi nzito ya maziwa lala na asali. Alinieleza huku ameshika shavu, mwenye wasiwasi.

"Shida ni moja. Kila kitu kilicho ndani yake hukipendi. Nimefikiria siku mbili."

"Na umeamua nini?"

"Nitakutengenezea yako kando. Majani, nyanya, chumvi na limau kidogo. Hakuna tunda hata moja. Utakula?"

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nikamwona akiwa mdogo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akilamba kijiko chake pande zote mbili, na nikaogopa kwamba nikisema leo, ile nusu ya tunda aliyoila wakati ule itamgeukia tumboni. Atakwenda Nanyuki akijiona mtu aliyenila mimi. Nikasema, "Nitakula."

Jumamosi jioni alimwaga maziwa lala kwenye kitambaa safi, akakifunga fundo na kukining'iniza kwenye msumari juu ya beseni. Maji yalidondoka usiku kucha. Asubuhi, tulipotoka kanisani, kilichobaki ndani kilikuwa kizito na cheupe, kinasimama kwenye kijiko bila kuanguka. Akakikoroga na asali na maji ya limau, chumvi kidogo sana, halafu akapitisha matunda damu mawili kwenye chujio na kuchanganya maji yake. Sosi ikawa na rangi ya mashavu ya mtoto aliyetoka kucheza kwenye baridi.

Mimi nilipewa kazi ya kukausha majani. "Yapapase, dada, usiyakamue. Hiyo si nguo."

"Nimekuosha wewe ukiwa mdogo kuliko hili jani."

"Ndiyo maana ngozi yangu iko hivi."

Kaka alikuwa amefika na hayo majani kutoka Timau, yamefungwa kwenye gunia lililolowa, akakaa kizingitini akitutazama. "Na hii chakula ya sungura ikiisha, watu watakula nini?"

"Kuna kuku na viazi. Nyamaza."

"Hapo sawa. Dada, shingo yako nimeiona. Ni kubwa."

"Asante, kaka."

Sosi, alinieleza mdogo wangu, humwagwa mwisho kabisa, watu wakiwa wameshakaa. Ukiimwaga mapema, majani yanalala. Hakuna kuweka kwenye sufuria mtu aje ale baadaye. Aliposema hivyo alinitazama, nikaelewa kwa nini alichagua chakula hiki hasa. Ni chakula kisichoweza kumngoja mtu aliyesimama mlangoni.

Akapanga bakuli kubwa la matunda mezani sebuleni. Bakuli langu dogo la majani, nyanya bado hazijakatwa, akaliacha jikoni, limefunikwa sahani, ili lisichanganywe na lile jingine. Halafu akaenda kubadilisha nguo, na mimi na kaka tukaenda kwa jirani kuazima viti, kwa sababu Tata alikuwa anakuja.

Tulirudi na viti vichwani tukasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Tata huwa hapiti mlango wa mbele. Hupitia jikoni, anavua sweta, anafunga leso, na akikuta kitu hakijafanywa anakifanya. Tulimkuta mbele ya jiko la gesi na mwiko mkononi, uso wake umejaa huruma kwetu.

"Mmetoka kanisani saa hizo zote na mboga bado mbichi! Nimewamalizia."

Kwenye sufuria, katikati ya kisima cha mafuta na vitunguu, lilikuwapo donge dogo la kijani lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto.

"Lakini hii sukuma yenu ni ya aina gani?" Tata akauliza. "Nimeweka bakuli zima na imeisha yote. Mmeuziwa maji."

Mdogo wangu alikuwa ametokea mlangoni akiwa na aproni yake nyeupe, mpya, ile ya kwendea kazini. "Tata. Hiyo ilikuwa ya dada."

"Si bado ni yake? Nani ameinyang'anya?"

"Ilikuwa iliwe mbichi."

"Mbichi? Kwani huyu ni mbuzi?"

Kaka alicheka mpaka akaegemea tangi la maji. Mimi pia nilicheka. Mdogo wangu hakucheka. Alirudi sebuleni, nasi tukamfuata, tukadhani tunaenda kula. Alikuwa ameshamwaga sosi kwenye bakuli kubwa aliposikia tunarudi, na sasa alichukua uma akaanza kuchomoa majani, moja moja, kutoka katikati ya matunda, akiyapangusa sosi kwa kidole na kuyaweka kwenye sahani. Yalikuwa yameloa, yanachanika.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitakuoshea. Nitatoa matunda yote, usijali. Dakika moja." Akachomoa jani jingine. "Nilitaka kitu kimoja tu, dada. Kesho naenda kulisha watu nisiowajua, na wewe nimeshindwa."

Nilivuta kiti nikaketi. Sikumbuki kuamua. Nikalivuta bakuli lote mbele yangu, nikachukua kijiko cha kugawia, kile kikubwa, nikachota stroberi, na avokado, na kipande cha tunda damu chenye mbegu zake nyeusi, na sosi ikidondoka, nikaweka mdomoni.

Ule uchachu uliniuma nyuma ya taya, mahali ambapo nilikuwa nimesahau kwamba pana hisia. Kisha asali ikaja, kisha maziwa yakafunika kila kitu kwa ubaridi wake, na avokado ikayeyuka bila kutafunwa. Nikachota tena. Nilikuwa na mpango wa kusema kwamba leo nimejaribu na naona si mbaya sana. Uongo mdogo, wa kufungia ule mkubwa. Lakini mdomo ulikuwa umejaa, na Tata akatangulia.

"Mnamtazama nini kama amekula moto? Huyu alikuwa akipanda ule mti wa matunda damu kando ya zizi, nyinyi hamjazaliwa, anakula mpaka sketi inakuwa nyekundu. Mama yenu alikuwa akimfukuza na fimbo."

"Tata," kaka akasema polepole, "dada hapendi matunda."

"Nani amesema?"

Wote wakanigeukia. Nikameza.

Mdogo wangu aliweka uma chini. "Dada. Na avokado?"

"Naipenda."

"Na utando wa maziwa?"

"Huo napenda sana."

Kaka alikuwa amesimama na kiti cha jirani bado mkononi. "Usiniambie shingo."

Sikumwambia. Nilitazama kuku mezani.

"Dada! Shingo nimekukatia miaka yote hii! Nimegombana na watu juu ya shingo! Harusini kule Karatina niliomba shingo jikoni nikakufungia kwenye karatasi!"

"Ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa shingo!"

Tata alianza kucheka, akiwa ameshika kiuno, na kaka akafuata, na kwa muda kelele ikajaa nyumba. Mdogo wangu alikuwa amekaa ng'ambo ya meza, ananitazama. Alikuwa anarudi nyuma kichwani mwake, tunda kwa tunda, nilimwona.

"Tulikula sisi," akasema.

"Mlikula kwa sababu niliwapa."

"Hatukujua."

"Mngejua mngekataa. Na mngekataa, nani angekula? Sote watatu tungekaa tukiangalia tunda moja likioza." Nikamsogezea sahani yake. "Sikiliza. Siku zile zikirudi leo, tunda nitalikata vilevile, kwa wawili. Usinihurumie kwa jambo ambalo ningelirudia. Sasa kula, majani yanalala."

Alifuta macho kwa ncha ya aproni mpya, akagawa. Mimi alinipa kwanza. Alinipa paja la kuku, na kaka akachukua shingo kwa mkono wake, akaitafuna mbele yangu akinikazia macho, kama mtu anayelipa kosa, mpaka Tata akamwambia aache maigizo. Tata mwenyewe alikula letasi yake ya kukaanga na viazi vyote vilivyokuwa karibu naye, akasema wale wa Nanyuki wangeionja wangemwajiri yeye. Mimi nilikula nimeketi. Miguu haikujua pa kukaa chini ya meza. Mara mbili niliinuka kidogo kwenda kuleta chumvi, na mara mbili mdogo wangu akanitazama nikakaa. Aliniona nikila. Sijui nilifanana vipi, lakini alikuwa anatabasamu, kisha anaacha, kisha anaanza tena.

Mwishoni bakuli lilibaki na kiasi cha mtu mmoja: stroberi chache, avokado, na kipande kimoja cha tunda damu katikati ya sosi ya waridi. Mdogo wangu akalisukuma upande wangu.

"Malizia, dada. Mimi hii sosi siipendi sana. Tumeila chuoni mpaka ikanichosha."

Alisema vizuri, bila kunitazama, huku akikusanya sahani. Mtu mwingine angemwamini.

Nilichukua kisu nikalikata lile tunda katikati, nikaweka nusu kwenye sahani yake na kijiko juu. Nikamwambia katika nyumba hii mtu wa kusema uongo huo ni mmoja tu, naye amestaafu leo. Nikamwambia aketi.