Kilima cha Wali Kilichoporomokea Kwangu

Enzi zetu kule Ubaruku, wali haukupakuliwa kwenye sahani ya mtu. Uliliwa kwenye sinia moja kubwa la bati, lililopauka katikati kwa kusuguliwa na majivu, na nyumba nzima tukalizunguka jamvini. Nyie wa rika langu mnajua. Ila vijana wa siku hizi, wenye kijiko mkono mmoja na simu mkono wa pili, inabidi waelezwe taratibu.

Mama alipikia pumba za mpunga, kwa hiyo jikoni kulikuwa na moshi mwembamba unaowasha macho. Maji ya wali yakikauka, alifunika sufuria na kupalia makaa juu ya mfuniko. Hapo ndipo harufu ya mchele mpya ilipotufuata hadi nyuma ya mashine ya kukoboa, tulikokuwa tukicheza rede. Hakuna aliyesubiri kuitwa. Tulinawa, mama akapindua wali katikati ya sinia ukasimama kama kilima, kisha akamwagia mchuzi wa kambale.

Sheria ilikuwa moja, na baba ndiye aliyeitangaza: "Kula mbele yako!" Mkono wako hauvuki kwenda kwa mwenzio. Lakini kuchimba hakukukatazwa. Kila mtu alichimba kilima upande wake kwa chini, kama anayetengeneza pango, akingoja wali wa juu uporomoke. Ukiporomokea kwako, ni halali yako. Kaka yangu Amoni alijiita fundi. "Nyie chimbeni tu, mvua inanyesha kwangu," alitutambia, mashavu yamejaa. Mimi nilikuwa kitinda mimba, tena mwembamba, na cha ajabu ni kwamba mara nyingi kilima kilianguka upande wangu. Nilijiona bingwa. Mama alikaa mkabala nami, akila matonge madogo madogo, hasemi kitu.

Miaka imekwenda. Baba alipofariki nilimchukua mama, nikamleta kwangu Mbeya mjini. Alikuja na blanketi lake na mafuta yake ya mgando, lakini hamu ya kula sijui aliiacha wapi. Nimpikie wali, nimpikie ndizi, anachota vijiko viwili na kusogeza sahani. "Nimeshiba, mwanangu." Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa. Kitenge chake kilikuwa kinamzunguka mara mbili, nami nilianza kuogopa kwamba nitamzika mama yangu kwa njaa, na chakula kipo.

Binti yangu Rehema akaja na habari. "Mama, kuna mgahawa mpya umefunguliwa, wanapika chakula cha kijijini kabisa. Tumpeleke bibi. Pale atakula tu."

Tulikwenda Jumapili. Vioo vikubwa, muziki, na orodha ya vyakula haipo mpaka upige picha kwa simu alama iliyobandikwa mezani. "Sasa kama simu imezima, mtu alale njaa?" mama aliuliza, na Rehema akacheka mpaka akainamia meza.

Tulisubiri mpaka chai ikapoa vikombeni. Kisha zikaja sahani tatu nyeupe, pana kama nyungo, na katikati ya kila moja kichuguu cha wali kilichofinyangwa kwa bakuli, vipande viwili vya nyama, na mchuzi uliochorwa pembeni kama mstari wa chaki. Rehema akapiga picha. Mimi nikaonja. Wali ulikuwa wa kupashwa: juu mkavu, ndani baridi, na harufu hauna kabisa. Mama alichota vijiko viwili.

"Nimeshiba."

"Jamani bibi, kidogo tu," Rehema alimbembeleza, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

Mama alikuwa anaangalia sahani ya mjukuu wake. Akaokota kipande chake cha nyama kwa vidole, akanyoosha mkono kuvuka ile meza pana. Mkono haukufika. Nyama ikadondoka juu ya kitambaa, naye akaurudisha mkono mapajani, kama mtu aliyenyang'anywa kazi.

Nikamwita mhudumu. "Mdogo wangu, una sinia?"

"Sinia la nini tena, mama?"

"Hilo ulilobebea. Lioshe utuletee, na maji ya kunawa."

Alilileta huku anacheka. Nikamwagia sahani zote tatu mle ndani, nikaukusanya wali ukawa kilima.

"Mama, watu wanatuangalia!" Rehema alininong'oneza.

"Waache. Wewe kula mbele yako."

Mama alinawa. Akachota tonge, akala. Akachota jingine. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, niliangalia vidole vyake badala ya wali. Kila alipochota, mgongo wa vidole ulikisukuma kilima polepole kuelekea kwa Rehema. Asingeweza kusukuma bila kuchota, angeonekana. Na akishachota, lazima ale. Kumbe ndivyo alivyokuwa akila miaka yote ile, na ndivyo nilivyokuwa bingwa.

Nami nikachota, nikasukuma kuelekea kwake. Akaninyanyulia macho. "We! Kula mbele yako." Lakini tonge alilimeza.

"Wali wenyewe hauna kitu," alisema tulipomaliza, huku akilamba vidole.

Kweli haukuwa na kitu, na mgahawa ule hatujaurudia. Zamani tulikuwa na sinia moja, na aliyepungukiwa alionekana. Siku hizi kila mtu ana sahani yake nzuri yenye ukingo, na wali wa kwenye sahani hauporomokei kwa jirani. Nimezipandisha zangu juu ya kabati. Jioni tunakaa jamvini, mama anakula matonge yake madogo madogo, na kitenge kimeanza kumkaa. Rehema ndiye anayetutambia sasa, mashavu yamejaa, kwamba hakuna anayemshinda kuchimba. Mimi na bibi yake hatusemi kitu.