Wanasesere Walioimba Kiswahili Chetu

Mume wangu anachimba dhahabu Salamabila, na safari moja aliporudi Kasongo alituletea filamu ya Kifaransa ndani ya kadi ya kumbukumbu ya simu. Ilikuwa katuni yenye nyimbo nyingi, kuhusu wanasesere wadogo wenye nywele za kila rangi. Aliyemuuzia alimwambia kwamba huko Ulaya wanasesere wenyewe waliuzwa madukani kwanza, ndipo watu wakawatungia filamu. Sokoni kwetu sijawahi kuwaona.

Tuliitazama kwenye televisheni Jumapili baada ya misa. Mama mkwe wangu, mkulima wa Kabambare asiyejua Kifaransa hata neno, aliketi mbele na wajukuu. Kila mara watoto wakubwa walipocheka, aliuliza, "Sasa huyu iko nasema nini?" Binti yangu wa miaka kumi na mmoja akaanza kumtafsiria. Mazungumzo hayakumshinda. Ulipofika wimbo, alinyamaza.

"Mbona umenyamaza?" bibi yake akauliza.

"Wimbo iko nguvu kutafsiri, bibi. Nikisema maneno tu, utamu unaisha."

Wiki nzima nilimwona na kaye yake, daftari la shule, akiandika, akifuta, akijaribu mistari kwa sauti ndogo huku akitwanga sombe, majani ya mihogo. Mstari mmoja ulimkwama kabisa, pale mwanasesere aliyesahauliwa ndani ya sanduku anapolia mpaka sauti inamkauka. Akamwendea bibi yake, naye akampa neno la Kibangubangu, lugha ya kwao, analowaambia watoto waliolia hivyo. Binti yangu akaliweka kama lilivyo.

Jirani yetu mmoja, mwalimu katika shule ya binti yangu, alinionya. "Filamu ya Kifaransa muiache kwa Kifaransa. Mutoto wako atawaharibia wenzake masomo." Mimi niliacha shule nikiwa mwaka wa tano, nikaona huenda anajua kuliko mimi, lakini sikumkataza binti yangu.

Jumamosi alasiri tulitoa televisheni uani. Watoto wa mtaa mzima walikuja, wa misikitini na wa makanisani, na huyo mwalimu akasimama nyuma. Wimbo ulipoanza, binti yangu alipunguza sauti ya televisheni akaimba mwenyewe. Mwanzoni aliimba akitazama chini. Kisha watoto wakaanza kupiga makofi, akanyooka. Alipofika kwa mwanasesere wa sandukuni, mama mkwe wangu aligeuka, akawaambia wanawake waliokuwa nyuma yake, "Neno ile ni yangu."

Filamu ilipoisha, mwalimu aliomba ile kaye. Aliisoma kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama anaweza kuuandika wimbo ubaoni.

"Muombe mwenyewe," nikamwambia.

Akamwomba. Binti yangu akamjibu, "Ndiyo, mwalimu. Lakini neno ya bibi usiitoe."

"Sitaitoa."

Jumatatu nilipita karibu na shule nikienda sokoni. Darasa zima lilikuwa likiimba, na sauti ya binti yangu ikitangulia. Nilisimama njiani, beseni la mihogo kichwani, mpaka walipomaliza ubeti wa tatu. Mama mmoja aliyepita akaniuliza nangoja nani. Nikamwambia anayeongoza wimbo ule ni mtoto wangu.