Seva Iliyomuuliza Mfiwa Mara Mbili

Nilirudi Mpanda na diploma niliyoisomea kwa fedha za kufyatua matofali, na sioni haya kulisema. Nyumba yangu ya Nsemulwa imejengwa na programu nilizoandika kwa mkono wangu. Kwa hiyo ghala la mpunga la Majimoto liliponiita kukagua mfumo wao wa kusajili wakulima, ulioandikwa na wenye digrii huko Dar, nilikwea bodaboda kifua mbele.

Nilimkuta karani, mama wa makamo, akimsajili mzee aliyetoka kumzika mkewe. Kila jibu mzee alilithibitisha kwa kubonyeza dole gumba kwenye simu ya karani. Likaja swali la mwenzi.

"Amefariki," alisema, akabonyeza.

Karani akaweka simu chini, akaketi naye juu ya gunia. Kwetu, pole peke yake haitoshi. Mfiwa husimulia ugonjwa ulivyoanza hadi pumzi ya mwisho, na hakuna anayemkatiza. Hata dereva wangu wa pikipiki alivua kofia.

Karani alipoinua simu, majibu yote yalikuwa yamefutika.

"Samahani baba, inauliza upya. Mpaka swali la mama."

"Si nimeshasema?"

"Umeniambia mimi, baba. Yenyewe imesahau."

"Basi sibonyezi tena. Mpunga na unyeshewe."

Nje wingu lilikuwa limeshatanda juu ya magunia yake, yasiyopokelewa ghalani kabla ya usajili. Dereva akanigeukia. "Fundi, hao wenzako wa Dar hawafiwi?"

Niliichukua simu, nikaikagua. Seva hupokea kila ombi la simu kama mgeni asiyemjua. Wale mabwana waliyaweka majibu kwenye kumbukumbu ya muda tu, na simu ikikaa kimya dakika chache, yanafutwa. Hawakufikiria kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu analia.

Nikafungua kompyuta palepale. Nikaelekeza kila jibu liandikwe kwenye hifadhidata likitolewa tu, na simu ipewe ufunguo wa kuonyesha kwa kila ombi, ili seva ijue ni nani na amefika wapi. Majibu ya mzee niliyapata kwenye kumbukumbu za maombi yaliyokwisha kupokelewa, nikayarudisha. Nani mwingine Katavi nzima angeyafufua?

Karani akasoma swali lililobaki. "Magunia mangapi, baba?"

Mzee alimtazama kwanza usoni, kisha akaitazama simu.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akaitaja idadi, akabonyeza. Wapagazi wakainamia magunia.